Somo Letu: Tukipunguzwa Kazini, Kazi Nyingine Tutaitafuta Wapi?

Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo hatupendi kulitaja kabla halijatufika, nalo ni kupunguzwa kazini. Mtu akifukuzwa kwa kosa, sababu anaijua. Lakini aliyepunguzwa hana kosa lolote. Mashine imeletwa, au bei ya mazao imeanguka, au kiwanda kimeuzwa, naye anaambiwa arudishe sare na panga la kukatia miwa. Kama alikuwa akikaa kambini, nyumba nayo inakwenda pamoja na kazi. Mtu mmoja anapoteza mshahara, paa na majirani katika mwezi mmoja.

Hapa Uganda jambo hili si geni. Uchimbaji wa shaba huko Kilembe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mji wa Jinja ulipata viwanda vingi baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, lakini baada ya 1972 vingi vilidhoofika, na vingine vikafungwa. Miaka ya 1990 serikali ilipouza mashirika yake, wafanyakazi wengi walipunguzwa tena. Na siku hizi wachuma chai wanaona mashine zikifanya kazi iliyokuwa ya mikono mingi. Kila kizazi cha wafanyakazi kimekutana na jambo hili, na kizazi chetu hakitaachwa.

Basi tujifunze. Mambo makubwa ya somo hili ni matatu. La kwanza, kazi mpya ianze kutafutwa tungali ndani ya geti, wala tusingoje mpaka tumetoka. La pili, kazi hutafutwa kwa ujuzi wa mtu, si kwa jina la kazi yake ya zamani. La tatu, itafutwe kwa pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

SEHEMU YA KWANZA: MUDA TULIO NAO

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla kiwanda hakijapunguza watu, huwa kuna dalili. Vipuri haviagizwi tena. Zamu ya usiku inaondolewa. Mshahara unachelewa wiki moja, halafu mbili. Fedha za akiba ya NSSF zinakatwa kwenye karatasi ya mshahara lakini hazifiki kwenye Mfuko. Kamati ya tawi ikiona mambo hayo iitishe mkutano na mwajiri, imwulize waziwazi. Isingoje barua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema hivi: mwajiri akikusudia kuwaachisha wafanyakazi 10 au zaidi katika muda usiozidi miezi mitatu, kwa sababu za uchumi, mitambo au mpango wa kazi, ni lazima awape habari wawakilishi wa chama. Aeleze sababu, idadi ya watu, aina ya kazi zao na muda atakaowaachisha. Habari hizo zitolewe mapema, si chini ya wiki nne kabla ya mtu wa kwanza kuachishwa. Tena ni lazima amwandikie Kamishna wa Kazi.

Kila mfanyakazi naye ana notisi yake. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita na hajafikisha mwaka, wiki mbili. Mwaka mmoja hadi mitano, mwezi mmoja. Miaka mitano hadi kumi, miezi miwili. Miaka kumi na zaidi, miezi mitatu. Mapatano ya chama yanaweza kuweka zaidi ya hapo, kwa hiyo soma mapatano ya kiwanda chako.

Tuseme mfanyakazi ana miaka 12 kazini na mshahara wake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Notisi yake ni miezi mitatu, yaani shilingi 900,000. Mara nyingi mwajiri husema, "Chukua pesa hizi za notisi, uondoke leo." Mfanyakazi anaruhusiwa kukubali, na pesa mkononi zinapendeza. Lakini tufikiri kwanza. Aliye ndani ya notisi angali na kazi, angali na nyumba, na angali anaonana kila siku na msimamizi anayeweza kumwandikia barua. Akienda kuomba kazi kwingine anasema, "Nipo kazini, namaliza mwezi fulani." Mwenye kuajiri humsikiliza mtu huyo kwa sikio jingine kuliko aliyekaa nyumbani miezi sita. Kwa hiyo notisi tusiihesabu kwa shilingi tu. Ni muda wa kutafuta, na muda huo una thamani yake.

Katika wiki hizo nne za kwanza kamati iombe mambo haya kwa maandishi: nusu siku kila wiki kwa kila aliyepewa notisi ili akatafute kazi, tarehe ya kutoka kambini, isiwe kabla malipo yote hayajatolewa, na ubao wa matangazo ya kazi karibu na ofisi ya wakati.

Neno kwa vibarua. Wengine hudhani hayo yote hayawahusu. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi minne si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi na haki za wafanyakazi wengine. Basi kibarua naye atunze kadi zake za siku.

SEHEMU YA PILI: KARATASI ZA KUTOKA NAZO

Mtu akishatoka getini, kurudi kuomba karatasi ni taabu. Karani amehamishwa, ofisi imefungwa, au mlinzi mpya hamjui. Kwa hiyo karatasi zote zitafutwe mapema. Ni hizi:

1. Cheti cha utumishi. Sheria inasema mfanyakazi akikiomba, mwajiri lazima ampe. Kinaonyesha jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, aina ya shughuli, muda wa utumishi, kazi aliyokuwa akiifanya na mshahara wake alipoondoka. Ukitaka, kitaje pia sababu ya kuachishwa. Ikiwa umepunguzwa bila kosa, omba sababu hiyo iandikwe, maana itakulinda uendako.

Hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Tumeona vyeti vingi vimeandikwa "mfanyakazi wa kawaida" na basi. Mwenye cheti aliendesha boila miaka minane, lakini karatasi haisemi boila. Akienda kiwanda kingine anaambiwa abebe magunia. Soma cheti chako kabla ya kutia sahihi kwenye daftari. Kama hujui kusoma vizuri, mpe mwakilishi akusomee. Kazi iandikwe kama ilivyokuwa: "mwendesha boila", "fundi mitambo", "mpima majani mabichi", "dereva wa trekta".

2. Hesabu ya malipo ya mwisho. Iwe na mshahara wa siku ulizofanya, notisi na likizo ambayo hukuichukua. Likizo kwa sheria ni siku saba kwa kila miezi minne ya utumishi, yaani siku 21 kwa mwaka. Malipo ya kuachishwa, ambayo wengine wanayaita kiinua mgongo, hayana kiwango kilichowekwa ndani ya Sheria hiyo ya 2006. Inasema kiasi chake kipatanwe kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Maana yake ni kwamba mahali penye chama na mapatano mema pana malipo mema, na mahali pasipo na mapatano watu hubishana wakati njaa imeshaingia.

3. Taarifa ya akiba ya NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 10. Fedha za mwezi zinatakiwa zifike kwenye Mfuko kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Omba taarifa yako, ulinganishe na karatasi za mshahara mwezi kwa mwezi. Angalia pia kama jina lako limeandikwa sawasawa kwenye NSSF, kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye daftari la kiwanda. Herufi moja ikitofautiana inaweza kukuchelewesha kupata haki yako. Rekebisha mwajiri angalipo wa kukushuhudia.

4. Vyeti vidogo vidogo: mafunzo ya usalama, huduma ya kwanza, leseni ya udereva, karatasi ya kupuliza dawa. Ukiviona vidogo leo, kesho ndivyo vitakavyokutofautisha na watu 100 waliopanga mstari.

5. Majina na namba za simu za watu wawili walio tayari kusema habari zako, kama msimamizi wa zamu na fundi mkuu. Waombe ruhusa kwanza.

Kuna na nauli. Kwenye mashamba ya miwa na chai wengi tumetoka mbali. Sheria inasema aliyefanya kazi miaka kumi au zaidi arudishwe nyumbani kwa gharama ya mwajiri, popote alipoajiriwa. Aliyeajiriwa kazini umbali wa zaidi ya kilometa 100 kutoka kwao naye anaweza kuwa na haki hiyo, hata kama hajafikisha miaka kumi, kulingana na jinsi mkataba wake ulivyokwisha. Waulize viongozi wa tawi. Lakini kabla ya kupanda gari, shauriana na nyumba yako: je, kazi unayoitafuta iko nyumbani, au iko huku?

Ukiona hukutendewa haki, mpelekee malalamiko afisa wa kazi kabla ya miezi mitatu kupita tangu siku ya kuachishwa. Wengi hupoteza haki kwa sababu ya kungoja.

SEHEMU YA TATU: TUNAJUA KUFANYA NINI?

Muulize mfanyakazi aliyepunguzwa, "Unajua kazi gani?" Atakujibu, "Mimi ni mtu wa chai tu." Jibu hilo linafunga mlango kabla haujagongwa. Hakuna mtu wa chai tu. Ndani ya kazi ya chai mna kazi nyingi.

Chukua daftari la shule na uandike kwa siku tatu kila ulichokifanya tangu ulipoingia zamu hadi ulipotoka. Usiandike jina la kazi, andika vitendo. Nilipima. Niliandika uzito. Nilisikiliza mashine nikajua beringi imechakaa. Niliwapanga watu 30 asubuhi. Nilichanganya dawa kwa kipimo. Mwishoni mwa siku tatu utashangaa.

Kisha jiulize: vitendo hivi vinahitajika wapi kwingine? Hii ni mifano michache.

Mwendesha boila wa kiwanda cha chai au sukari anajua moto, maji na mvuke. Mvuke huohuo unatumika kwenye viwanda vya maziwa, sabuni, bia na soda, na katika hospitali kubwa zinazofua mashuka.

Fundi wa matrekta ya miwa anaweza kwenda kwa wakandarasi wa barabara na kwenye gereji. Aliyezoea kuchomelea matela ya miwa anaweza kuchomelea milango na madirisha mjini.

Mpima majani na karani wa mzani wanajua hesabu, uaminifu na kusimama imara wakati watu wanagombana. Hao wanatakiwa kwenye maghala ya kahawa na mahindi na kwenye vyama vya ushirika.

Aliyeendesha mashine ya kukausha na kuchambua chai ataielewa upesi mitambo ya kukoboa na kuchambua kahawa.

Dada zetu wachuma chai wana mikono myepesi na macho ya kuchagua jani. Mashamba ya maua ya Entebbe na Wakiso yanataka mikono ya namna hiyo kwa kukata, kupanga na kufunga. Na mwenye kushona anaweza kupata kazi kwa washonaji wa sare za shule.

Nyapara anajua kuwagawia watu kazi na kuwahesabu. Ujuzi huo ni uleule shambani, barabarani na kwenye ujenzi.

Ukishajua hayo, barua ya kuomba kazi si ngumu. Mfano wake ni huu:

"Naomba kazi ya kuendesha boila. Nimeendesha boila ya kuni miaka minane katika kiwanda cha chai, zamu ya mchana na ya usiku. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kipimo cha maji na cha mvuke kila wakati, kuandika kwenye daftari na kusafisha mabomba wakati wa matengenezo. Nimepunguzwa kwa sababu kiwanda kimefungwa laini moja, si kwa kosa. Cheti cha utumishi kimeambatanishwa. Msimamizi wangu yuko tayari kuulizwa. Naweza kuanza mwanzo wa mwezi ujao."

Basi. Barua hiyo haiombolezi wala haisimulii shida za nyumbani. Mwenye kiwanda anatafuta mtu wa kuziba pengo, nasi tumwonyeshe kwamba pengo lake tunaliweza. Kama kiwanda kinataka barua ya Kiingereza, mwombe katibu wa tawi au mwalimu akuandikie, lakini maneno yawe yako. Utaulizwa juu yake mbele ya meza.

SEHEMU YA NNE: MAHALI PA KUTAFUTA

Afisa wa kazi wa wilaya. Wengi wanamjua kwa mashtaka tu, lakini ofisi yake husikia ni kiwanda gani kinafunguliwa na ni nani anaajiri. Wizara ya Kazi nayo ina mfumo wa habari za kazi unaoonekana kwa simu zenye intaneti. Asiye na simu hiyo amwombe kijana wa nyumbani amfungulie. Kamati iende kwa afisa na orodha ya watu wote waliopunguzwa na ujuzi wa kila mmoja. Afisa akipata orodha ya watu 40 yenye mafundi 6, madereva 9 na makarani 3, ana kitu cha kumpa mwajiri anayeuliza.

Matawi ya chama. Hapa ndipo chama kinapoonyesha kazi yake. Katibu wa tawi lililopunguza watu awapigie simu makatibu wa matawi mengine: kule kwenu kuna nafasi? Zinaandikwa lini? Ni nani anayeandika watu? Habari kutoka kwa mfanyakazi aliye ndani ina faida kuliko tangazo, kwa sababu inakuambia pia mshahara wa kweli na hali ya kazi.

Maeneo ya viwanda. Namanve karibu na Kampala, Kapeeka, Mbale, Jinja na Tororo kuna viwanda vingi mahali pamoja. Usiende na matumaini matupu. Nenda na karatasi zako, ufike mapema, uandike kwenye daftari lako jina la kila kiwanda ulichoingia, uliyeongea naye na alichosema. Ukiambiwa "rudi mwezi ujao", andika tarehe na urudi siku hiyo. Wengi hawarudi, na anayerudi hukumbukwa.

Magazeti, redio na mbao za matangazo. Si lazima kila mtu anunue gazeti. Watu kumi wachange, gazeti moja lisomwe kwa sauti kwenye ofisi ya tawi, na matangazo yanayofaa yakatwe na kubandikwa. Mbao za wilaya na za kata ndogo pia zisomwe kila wiki. Kwa wenye ufundi wa kuchomelea, umeme na mabomba, Mamlaka ya Petroli ya Uganda ina daftari la taifa la watu wenye ujuzi kwa kazi za mafuta. Jiandikishe, lakini kumbuka kwamba kazi za ujenzi zina mwisho wake.

Vyuo vya ufundi na mtihani wa ujuzi. Hili ni jambo kubwa kwetu tulioishia shule ya msingi. Uganda ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi kwa mikono bila kukaa darasani. Anapewa kazi aifanye mbele ya wapimaji, na wanayoyatazama ni matendo yake. Akifaulu anapata cheti ambacho wengi wanakijua kwa jina la PAS. Ofisi zinazosimamia mitihani ya ufundi zimepangwa upya miaka hii, kwa hiyo ulizia kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu, au vyuo vikubwa kama vile vya Nakawa, Lugogo na Jinja. Kuna ada. Basi chama kinapojadiliana na mwajiri juu ya kupunguza watu, kiweke mezani jambo hili: mwajiri alipe ada ya mtihani kwa kila anayepunguzwa. Ni pesa kidogo kwake, lakini kwa mfanyakazi ni kutoka na cheti badala ya kutoka na maneno matupu.

Nchi jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama nafasi ya kuomba na kukubali kazi katika nchi nyingine mwanachama. Lakini haisemi mtu avuke tu. Pata mkataba wa maandishi kwanza, kisha fuata kibali cha kazi. Asiye na karatasi huko ndiye anayelipwa kidogo na kutishiwa polisi akidai haki. Na Kiswahili chetu kitatusaidia njiani.

Kazi ya kujiajiri. Wengine wataamua kufungua karakana au duka la kushona. Wasianze peke yao. Vikundi vya akiba na mikopo vya Emyooga, vilivyoanzishwa mwaka 2019, vimepangwa kwa aina ya kazi: mafundi, washonaji, maseremala, waendesha bodaboda na wengine. Uliza katika kata ndogo. Lakini usichukue mkopo na kutumia pesa za notisi mara moja kwa biashara ambayo hukuwahi kuifanya hata wiki moja. Fanya kwanza kwa mtu mwingine, ujifunze hasara zake zikiwa mfukoni mwake.

SEHEMU YA TANO: WEZI WA WATAFUTA KAZI

Kiwanda kikipunguza watu, habari huenea kwamba watu wana pesa, na siku ya malipo wezi hufika getini. Wengine huja na nguo nzuri na karatasi zenye mihuri. Mwizi wa namna hii tumtambue kwa dalili zifuatazo.

Anataka pesa za "fomu" au "usajili" kwanza, tena zitumwe kwa simu kwa jina la mtu binafsi. Hana ofisi, au ofisi yake ni chumba cha hoteli. Hataki kuacha karatasi ili uisome nyumbani. Anasema nafasi zinakwisha leo jioni. Mshahara anaoutaja ni mkubwa kupita akili.

Kwa kazi za nje, hasa Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, makampuni yanayopeleka watu ni lazima yawe na leseni ya Wizara ya Kazi, na wizara inayo orodha yao. Uliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ukiambiwa upite nchi jirani kwa siri ukaondokee huko, au usafiri kwa viza ya matembezi, au kampuni ishike hati yako ya kusafiria, rudi nyumbani. Anayekupeleka kwa mlango wa nyuma hatakuwepo siku ya matatizo.

Na kwa dada zetu: msimamizi anayemtaka mwanamke kimapenzi ndipo amwandike kazi anavunja sheria. Si aibu ya mwanamke, ni kosa la huyo msimamizi. Ripoti kwa chama na kwa afisa wa kazi.

SEHEMU YA SITA: PESA ZA SAFARI HII

Kutafuta kazi ni kama safari, na msafiri hali posho yote siku ya kwanza. Siku ukipokea malipo ya mwisho, kaa na mke au mume wako, mgawanye kwa miezi: kodi ya nyumba, chakula, karo, na fungu la kutafutia kazi, yaani nauli, nakala za karatasi na simu. Fungu hilo la mwisho wengi hulisahau. Kisha wana cheti kizuri sandukuni lakini hawana nauli ya kukipeleka Namanve.

Juu ya NSSF, tusidanganyane. Akiba hiyo haitolewi kwa sababu tu mtu amepunguzwa. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mwenye miaka 50 aliyekaa mwaka mmoja bila ajira anaweza kuomba akiba yake. Wengine wengi hungoja miaka 55. Kwa hiyo kijana wa miaka 32 asipange maisha yake ya mwezi ujao kwa pesa hizo.

Ndugu wafanyakazi, mwajiri anaweza kuondoa mashine, kufunga geti na kubandua jina la kiwanda. Ujuzi ulioingia mikononi mwetu kwa miaka mingi hawezi kuuondoa. Kazi yetu ni kuuandika, kuupatia cheti na kuupeleka mahali unapohitajika, tukiwa pamoja, kabla geti halijafungwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KWENYE TAWI

1. Katika kiwanda au shamba letu kuna dalili gani za kupunguza watu? Ni nani atakayemwuliza mwajiri, na lini?

2. Mapatano yetu yanasema nini juu ya notisi na malipo ya kuachishwa? Kama hayasemi, tutaliweka lini jambo hili katika majadiliano?

3. Ni wanachama wangapi wameshaona taarifa zao za NSSF mwaka huu?

4. Kila mmoja ataje vitendo vitano anavyovifanya kazini, bila kutaja jina la kazi yake. Wenzake wamwambie vinahitajika wapi kwingine.

5. Chuo cha ufundi kilicho karibu nasi kiko wapi, na ni nani atakayekwenda kuuliza juu ya mtihani wa ujuzi na ada yake kabla ya mkutano ujao?